Kadi Hizi Bado Zinaruka, Zisifungiwe Ardhini

Oktoba 2025 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa draiva ya mwisho ya kawaida kwa kadi zake za grafiki za vizazi vya Maxwell na Pascal. Humo imo GTX 970 ya mwaka 2014, imo GTX 1060, na imo GTX 1050 Ti, kadi ambayo pale Kariakoo, Dar es Salaam, hupiti maduka matatu ya kompyuta bila kuikuta. Tangu hapo zinapewa marekebisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. Baada ya tarehe hiyo hazitaandikiwa tena chochote.

Kwa anayetumia kompyuta kuandika barua na kuangalia filamu, habari hii haimpunguzii kitu. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina chumba ghorofani Mtaa wa Aggrey, na wateja wangu wengi wanataka mashine ya kurushia ndege: X-Plane, Microsoft Flight Simulator, au FlightGear ambayo ni ya bure. Wapo wanaotafuta burudani baada ya kazi. Wapo pia wanafunzi wa urubani, ambao saa moja ya Cessna 172 ya kweli wanatajiwa kwa dola. Kijana wa namna hiyo akiweza kukariri mpangilio wa vifaa, taratibu za redio na mzunguko wa kutua akiwa nyumbani Mbagala, anapokaa kwenye ndege halisi fedha ya mzazi wake inaenda kwenye kurusha ndege badala ya kutafuta swichi.

Ndiyo maana nazungumzia draiva kwa uchungu. Mchezo hauongei na kadi moja kwa moja. Kati yao kuna draiva, programu inayopokea amri za mchezo na kuzigeuza kazi ambayo kadi inaielewa. Draiva ikiwa mbovu, kadi ya bei mbaya inakwama kama ya bure. Ikiwa nzuri, kadi ya zamani inajifunza mambo mapya. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016, mwaka uleule ilipozaliwa Vulkan, mfumo wa amri ambao mchezo unautumia kuongea na draiva. Toleo la Vulkan 1.3 lilikuja 2022, na kadi ileile, bila kuguswa hata skrubu moja, ikaliweza kwa sababu draiva yake iliandikwa upya. AMD, washindani wa Nvidia, nao walikuwa na sifa mbaya ya OpenGL, mfumo mkongwe wa kazi ileile ya Vulkan, kwenye Windows kwa miaka mingi. Julai 2022 walitoa draiva iliyorekebishwa kwa kina, na michezo ya OpenGL ikapanda kasi kwenye kadi zilezile zilizokuwa zikilaumiwa.

Michezo ya ndege inaumia kuliko mingine. Mchezo wa mpira una uwanja mmoja na wachezaji 22. Simuleta inabeba nchi nzima, na kila dakika unafika mahali ambapo kompyuta haikuwa imepaandaa. X-Plane ilitegemea OpenGL mpaka mwaka 2020, na katika mfumo ule draiva ilijiamulia yenyewe lini iandae sheda, yaani vile vijiprogramu vya mwanga na rangi. Mara nyingi ilikumbuka kufanya hivyo wewe uko hewani, picha ikaganda, na iliporudi ndege imeshainama. Toleo la 11.50 lilipohamia Vulkan, kazi hiyo ikawa mikononi mwa waandishi wa mchezo, na wao wakaifanya mapema, kabla hujaondoka.

Siku za karibuni aliniletea mashine kijana mmoja anayesomea urubani. "Dada, kadi imekufa," akaniambia. Haikuwa imekufa. Alikuwa akirusha Cessna Caravan kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, safari ya kama kilomita 72, upepo wa kaskazi, kwa hiyo unaingia moja kwa moja barabara namba 36. Juu ya bahari ndege ilikwenda vizuri. Mji ulipoanza kujitokeza mbele ya uwanja, picha ikaanza kukwamakwama. Niliwasha takwimu za fremu pembeni ya kioo, X-Plane inazo, nikaona muda wa GPU, yaani kadi, ndio unaopaa huku CPU, yaani kichakataji, ikisubiri. Draiva iliyokuwemo ni ile iliyojiweka na Windows yenyewe, ya miaka mingi nyuma. Nikaifuta kabisa kwa DDU, programu ya kuondoa draiva, nikaweka ya mwisho inayoikubali kadi hiyo, nikafuta folda ya shadercache, nikashusha ubora wa picha za juu ya majengo hatua moja kwa sababu kadi ina gigabaiti 4 tu. Mara ya kwanza kuwasha ilichukua muda mrefu, maana sheda zote zinaandaliwa upya draiva ikibadilika, na hapo ndipo wengi huzima mashine kwa hofu. Tukasubiri. Alipoingia tena Zanzibar fremu zilitulia juu kidogo ya 30 kwa sekunde, akatua.

Kilichonisumbua zaidi ni saa. X-Plane ikishuka chini ya fremu 20 hivi kwa sekunde, inapunguza mwendo wa muda ili mahesabu ya mbawa na upepo yasiharibike. Maana yake, mwanafunzi anayehesabu sekunde kabla ya kugeuka fainali, mkondo wa mwisho wa kutua, anahesabu sekunde ambazo si za kweli. Anayatia mwilini mazoea ya muda usio sahihi, kisha anakwenda nayo kwenye ndege halisi. Draiva mbovu inaharibu burudani, na inaharibu pia mafunzo.

Sasa tuangalie mashine zinazoingia nchini. Nyingi za mezani ni mitumba ya ofisi za Ulaya na Marekani, zile Dell OptiPlex zenye Core i5 ya kizazi cha sita. Pawasapulai zake ni ndogo na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. GTX 1050 Ti inakula wati 75, ambazo inazipata kwenye sloti ya ubao bila waya wowote, na zipo fupi zinazoingia hata kwenye kasha jembamba. Hapo ndipo umaarufu wake ulipotoka. Fundi yeyote wa hapa mjini anaijua kwa sababu ndiyo iliyotufaa. Na mwezi huohuo wa Oktoba 2025, tarehe 14, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, wakati kichakataji cha kizazi cha sita hakimo katika orodha ya Windows 11. Nvidia iliahidi kuendelea na Windows 10 hadi Oktoba 2026, lakini kwa kadi zake mpya zaidi za RTX tu. Mwenye OptiPlex na 1050 Ti alifungiwa milango miwili mwezi mmoja.

Niseme haki ya Nvidia. GTX 970 imepewa draiva kwa miaka 11, na hilo ni jambo la kusifiwa. Wahandisi wana kikomo, na sidai waandikie kadi ya 2014 mpaka wajukuu. Wana haki ya kuacha.

Ninachokikataa ni kuacha huku ukiwa umebaki na ufunguo. Kwenye Linux kuna jamii ya waandishi wa draiva huria, mradi wa Mesa, na kadi za AMD zilizotoka mwaka 2012 bado zinaendeshwa humo kwa draiva ya Vulkan iitwayo RADV, ingawa AMD yenyewe iliziweka kando mwaka 2021. Mesa hiyohiyo iliwahi kuwaokoa watengenezaji wa X-Plane. Programu za ziada zilikuwa zikichora kwa OpenGL ndani ya mchezo wa Vulkan, na kwenye kadi za AMD picha zikawa zinamemeteka. Mwaka 2023 waliingiza Zink, sehemu ya Mesa inayotafsiri OpenGL kuwa Vulkan, na tatizo wakalipita. Waliweza kwa sababu msimbo wa Zink uko wazi kwa kila mtu.

Kwa 1050 Ti, ambayo ni ya Pascal, njia hiyo imezibwa. Draiva huria ya kadi za Nvidia ipo na inaitambua, inawasha hata kioo. Lakini kadi za kizazi hicho hazikubali kupandishwa kasi ila na programu ya ndani iliyotiwa sahihi ya Nvidia, na programu hiyo Nvidia haikuwapa waandishi huria. Kwa hiyo kadi inabaki kwenye kasi ya kuwashia, ya chini kabisa, na kwa simuleta hapo hakuna safari. Moduli za wazi ambazo Nvidia ilizitoa mwaka 2022 zinaanzia kizazi cha Turing, kinachoifuata Pascal. Pascal ikaachwa nje.

Huo ndio mzozo wangu wote. Kadi nzima, feni inazunguka, kumbukumbu haina kasoro, na walimwengu walio tayari kuihudumia bila malipo wapo. Inazuiwa na sahihi. Nchi zinazonunua kadi mpya kila baada ya miaka mitatu haziwezi kuliona hili. Sisi tunaipokea kadi ikiwa na miaka sita au saba, tunaitumia mingine sita, na muda wetu wa kuitumia unaangukia hasa kwenye kipindi ambacho mtengenezaji ameshaiacha.

Watengenezaji wa michezo nao wajitazame. Microsoft Flight Simulator 2024 ilitoka Novemba 19, 2024, na katika mahitaji ya chini kabisa ikataja GTX 970. Haikupita hata mwaka, kadi hiyo ikaondolewa kwenye draiva za kawaida. Mchezo wenyewe unavuta data mtandaoni na kubadilishwa mara kwa mara. Huwezi kubaki na toleo la zamani kama unavyobaki na CD ya mpira ya mwaka fulani. Siku toleo jipya litakapotaka kitu ambacho draiva ya mwisho haina, mteja atalaumu kadi, kisha atamlaumu fundi.

Kwako unayenunua sasa kwa ajili ya kurusha ndege: usiulize gigabaiti peke yake, uliza kizazi. GTX 1650 ya Turing nayo zipo za wati 75 zisizohitaji waya, na draiva mpya bado inazipata. RTX 3050 ya gigabaiti 6 inakula wati 70 na ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Intel Arc zisikuvutie kwa bei ukiwa na ubao wa zamani, kwa kuwa zinahitaji Resizable BAR, uwezo wa ubao kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ili zitoe nguvu zake, na mashine za kizazi cha sita kwa kawaida hazina. Ukishauziwa 1050 Ti, itunze: hifadhi faili la draiva yake ya mwisho kwenye flashi, na ukiona mchezo unakwama anza na draiva kabla hujaitupa kadi.

Na kwa Nvidia: kadi hizi mlizitengeneza vizuri, ndiyo maana bado ziko mezani kwangu. Toeni programu yenye sahihi inayoruhusu Maxwell na Pascal kupandishwa kasi na draiva huria. Haiwagharimu soko, kwa kuwa kadi hizo hamziuzi tena. Mna hadi Oktoba 2028.