Pampu Kubwa, Hoja Ndogo

Hoja za kununua pampu kubwa ya kuzungusha maji ya redieta mmeshazisikia, hasa mnaoishi Uingereza na Ujerumani, ambako boila ikizimika Januari nyumba haikaliki. Nimezisikiliza hadi mwisho. Zipimeni, nyinyi ndio mahakimu.

Ya kwanza: nyumba ya ghorofa inahitaji pampu yenye nguvu ya kupandisha maji juu. Inaeleweka ilikotoka. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anajua kwamba pampu dhaifu hailijazi tangi la juu ya paa. Lakini tangi lile liko wazi, na maji yakishaingia humo hayaisaidii tena pampu. Redieta ni mzunguko uliofungwa na kujaa maji: lita moja ikipanda, nyingine inashuka upande wa pili, na uzito wao unafutana. Pampu inabakiwa na msuguano wa mabomba na vali tu. Ndiyo maana pampu ya msukumo wa mita tatu huhudumia redieta iliyo mita tano juu ya boila. Kwa hoja ya wauzaji, redieta hiyo ingekuwa baridi maisha yake yote.

Ya pili na ya tatu hutoka kinywa kimoja: pampu kubwa huongeza joto, ila usiiweke spidi ya juu, maana maji yakipita mbio hayapati muda wa kuacha joto. Chagueni moja! La kwanza husemwa wakati wa kuuza, la pili mteja anaporudi kulalamikia kelele za vali. Tupige hesabu. Redieta za jumla ya kilowati 10, maji yakiingia na nyuzi 70 na kutoka na nyuzi 50, zinataka lita 430 hivi kwa saa, yaani ndoo ya lita 20 kila dakika tatu. Zidisheni mwendo huo mara mbili. Joto linapanda, kwa hiyo dai la kukosa muda limekufa. Lakini linapanda kwa takriban sehemu moja ya saba tu, ilhali bomba lilelile sasa linadai msukumo mara nne na nguvu mara nane. Na kuna hasara wasiyoitaja kabisa: maji yanarudi na nyuzi 58 hivi. Boila ya kisasa ya gesi hupata faida yake kwa kuugeuza mvuke wa moshi kuwa maji, jambo linalokoma maji yarudiyo yakipita nyuzi 55 hivi. Umelipia pampu kubwa ili boila mpya ifanye kazi kama ya zamani.

Mwenye mashine ya kuvuta joto kutoka hewa ya nje ana kesi tofauti. Maji yake hupoa nyuzi 5 tu, kwa hiyo anahitaji mwendo mara nne. Apewe, kwa hesabu hiyohiyo.

Ya nne: umeme wa pampu ni kidogo. Wati 80 ni chache, nakubali. Kwa saa 5,000 za mwaka ni uniti 400. Pampu inayojirekebisha ikitumia wastani wa wati 15, ni uniti 75. Umoja wa Ulaya ulikaza masharti ya matumizi ya umeme ya pampu hizi mwaka 2013, kisha tena 2015. Wanaosema pampu ya zamani ya spidi tatu ilikuwa na nguvu zaidi wanasema kweli: nguvu za kula umeme.

Ya tano: eti nunua ukubwa wa ile ya zamani. Tangu ifungwe, madirisha yamebadilishwa na redieta zimewekewa vali za kujifunga. Pengine hata aliyeifunga alikisia.

Ya mwisho: chukua ya chuma cha pua, ya chuma cha kawaida itaoza. Kwa maji ya bombani ya kuogea, sawa kabisa, kwani kila siku huja na oksijeni mpya. Ndani ya redieta maji ni yaleyale, na oksijeni yake huisha mapema. Ikiwa pampu yako ya chuma imeoza kwa kutu, hewa inaingia mahali. Tafuta hapo kwanza, la sivyo redieta ndizo zitakazofuata, hata pampu ikiwa ya chuma cha pua.