Anayekimbia ubani ana jini au ana pumu?

Leo tuzungumzie jambo ambalo wazee wengi hawapendi liguswe, nalo ni moshi wa ubani na udi majumbani mwetu.

Hapa Miembeni mvua ikishika tunafunga madirisha, kwani baridi ya ziwani haina mchezo. Ndani jiko la mkaa limebandikwa ndizi, dawa ya mbu ya kuwasha iko pembeni, na Alhamisi jioni chetezo kinapitishwa. Watu sita wanafurahia harufu. Wa saba, aghalabu mtoto au mke aliyeolewa juzi, anapiga chafya, machozi yanamtoka, kifua kinambana, anakimbilia nje. Hukumu hutolewa hapo hapo: ana jini, na jini lake halitaki ubani.

Mimi nimesoma madrasa kabla ya kuwa afisa tabibu. Majini wapo, Qur'an imewataja. Ninachopinga ni kuhukumu bila ushahidi. Nimewahi kumpokea mama aliyefukizwa siku mbili chini ya shuka ili jini limtoke. Aliletwa usiku, hawezi kumaliza sentensi moja, midomo imeanza kuwa ya bluu. Ilikuwa pumu. Tulimpa oksijeni na dawa ya kuvuta, alfajiri akaomba uji.

Moshi wowote, hata unaonukia, una chembe ndogo mno na gesi zinazowasha. Puani, kooni na mapafuni mna neva zinazohisi muwasho huo, na mwili hujibu kwa chafya, kikohozi na machozi. Kwa mwenye pumu, misuli ya njia za hewa hubana na makohozi huongezeka. Wengine hubanwa saa kadhaa baadaye, usiku wa manane, ndiyo maana nyumbani hawakumbuki chetezo cha jioni. Na wewe usiyekohoa usijifanye kipimo. Pua huzoea harufu baada ya dakika chache, moshi ungali pale pale.

Dawa ya mbu nayo isisahaulike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima dawa za kuwasha za China na Malaysia, ulikuta kipande kimoja kikiungua hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi.

Mtume (S.A.W.) alipenda manukato, hilo halina ubishi. Lakini ni yeye aliyemkataza mwenye kula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wengine. Kitunguu ni halali, tena hakimbani mtu kifua. Sasa moshi unaomziba pumzi mkeo utasemaje?

Sisemi udi uachwe. Fungua dirisha, mtangulize nje mwenye kifua, na usilale na chetezo chenye makaa, maana makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Anayekohoa kila akikutana na moshi, au kifua kikilia kama filimbi, mpeleke hospitali akapimwe. Kisomo hakizuiwi na dawa.

Mama yule sasa anatembea na dawa yake ya kuvuta. Mkwewe bado anafukiza kila Alhamisi, ila siku hizi anafukizia barazani.