Kiti cha Mtangazaji ni Dhamana

Wako wanaodhani kwamba kubadilishwa kwa mtangazaji wa kipindi cha televisheni ni jambo dogo, la kuzungumzwa barazani baada ya sala ya isha na kusahauliwa kabla ya alfajiri. Sisi tunaliona kuwa ni jambo zito. Kipindi kinachoingia majumbani mwa watu jioni baada ya jioni kwa miaka mingi huwa mali ya hao wanaokitazama, na anayeketi katika kiti chake ameketi juu ya amana.

Yaliyotokea Marekani yanatosha kuwa funzo. Huko kuna kipindi cha chemsha bongo kiitwacho Jeopardy!, ambacho mshindani hupewa jibu, naye hutakiwa ataje swali lake. Kilianza mwaka 1964 kikiongozwa na Art Fleming. Kilipofufuliwa mwaka 1984 alikabidhiwa Alex Trebek, mzaliwa wa Kanada, naye akakiendesha kwa miaka 36. Mwezi Machi 2019 alitangaza mwenyewe kwamba ameshikwa na saratani ya kongosho. Aliendelea na kazi hadi siku chache kabla ya kufariki dunia, tarehe 8 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 80.

Basi wenye kipindi walipata zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kujitayarisha. Hata hivyo, mauti yalipofika, mrithi hakuwapo. Tangu Januari 2021 waliletwa watangazaji wageni, mmoja baada ya mwingine, wakajaribiwa mbele ya macho ya umma. Mwezi Agosti uteuzi ukatangazwa: kipindi cha kila siku alipewa Mike Richards, mtayarishaji mkuu wa kipindi hicho hicho, ambaye mwanzoni alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kumtafuta mrithi.

Wakuu wa kampuni walieleza kwamba alijitenga na kazi hiyo alipokuwa naye mgombea. Maelezo hayo hayakuwatuliza watazamaji, maana wahenga walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hazikupita siku 10, yakafichuka maneno ya kuwadhalilisha wanawake aliyoyatamka katika matangazo yake ya miaka ya nyuma, naye akajiuzulu akiwa amerekodi kwa siku moja tu. Kiti kikashikwa kwa zamu na Mayim Bialik na Ken Jennings, hadi mwishoni mwa mwaka 2023 kilipobaki kwa Jennings peke yake. Huyu ni yule aliyeshinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004. Mrithi, kumbe, alikuwa amelelewa ndani ya kipindi chenyewe.

Kisa hiki kinatuhusu. Visiwa vyetu vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi miaka ya 1990. Tena lahaja ya Unguja Mjini ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mtangazaji wa hapa habebi habari peke yake. Amebeba pia lugha ambayo watoto wetu huiiga neno kwa neno. Akiteuliwa kwa udugu au kwa uzuri wa sura, hasara haiishii studioni, bali huingia madarasani na majumbani.

Hapana budi, basi, wakubwa wanaohusika wazingatie mambo matatu. Kwanza, kila mtangazaji mkongwe awekewe mwanafunzi wa kumfundisha angali ana nguvu, kwani ajali haina kinga. Pili, anayesimamia uteuzi asiwe mgombea, wala jamaa yake asiwe mgombea. Tatu, anayependekezwa achunguzwe lugha yake na mwenendo wake kabla jina halijatangazwa, kwani aibu ya kumwondoa ni kubwa kuliko taabu ya kumchunguza.

Chama kimetufundisha kwamba cheo ni dhamana. Fundisho hilo halikuwekewa mpaka wa ofisi za Serikali; linakihusu kila kiti ambacho wananchi wamekiamini. Anayekikalia leo ataondoka kesho, apende asipende. Wajibu wa wakubwa ni kuhakikisha kwamba siku hiyo kijiti kinapokewa na mkono uliokwisha kufunzwa kukishika.