Duara la Songwa limehamia Uganda!

Wadau, mnisamehe, leo siandiki siasa. Au labda ndiyo siasa yenyewe, maana ardhi ikiandikwa vibaya kwenye kompyuta anayeumia ni yule yule mchimbaji mdogo.

Nimepitia orodha ya machimbo ya ukanda wetu huu, toka Songwa na Maganzo mpaka Geita. Safu ya koordineti ni vurugu tupu. Mstari mmoja "3°40'S", wa pili "3.40", wa tatu "-3.6667", wa nne tarakimu zimebanana kama abiria wa Hiace. Eti "si zote namba tu?" Jamani!

3°40' ni digrii 3.6667. Ukiisoma 3.40 umeshahama karibu kilomita 30. Sahau alama ya kutoa, duara la Shinyanga linatua kaskazini mwa Uganda, jirani na Sudan Kusini. Geuza latitudo iwe longitudo, uko Moroko.

Hayo angalau yanachekesha, na yanaonekana. Linaloniudhi ni lile lisiloonekana. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi kwa kawaida inasoma WGS84. Ukichanganya bila kubadilisha, unakosea kwa karibu mita 300. Sasa leseni ndogo ya dhahabu, kwa kanuni za 2010, mwisho ilikuwa hekta 10. Ukiifanya mraba, kila upande ni mita 316 hivi. Mmeona hesabu? Karibu kiwanja kizima kimehama, na mtu aliyekopa kununua pampu anaambiwa anachimba kwa jirani.

Na si leseni tu. Bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipopasuka Novemba 2022, tope lilifunika mashamba na kuingia kwenye makazi. Shamba likishafukiwa, mpaka wake utauonyesha kwa kidole?

Msimamo wangu: digrii za desimali, WGS84, safu mbili za namba (siyo maandishi!), desimali sita, kusini iwe na alama ya kutoa. Safu ya tatu itaje mfumo uliotumika kupima. Na kilichoandikwa kwenye fomu kibaki pembeni kama kilivyo, asikifute mtu.

Watasema cheti kinataka digrii, dakika na sekunde. Sawa, chapeni hivyo, kompyuta itageuza yenyewe. Lakini msihifadhi hivyo mkakata desimali za sekunde: sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31, hapo yanaingia maduara mangapi?

Wapima nao wanataka UTM, kwa kuwa ni mita na eneo linapigika haraka. Nawaelewa. Ila Tanzania imegawanywa na kanda tatu, 35, 36 na 37. Andika mita ukasahau kanda, namba zile zile zinaonyesha sehemu tatu tofauti, na bado hujaniambia kama ni Arc au WGS!