Soo Tano ya Hustler Fund: Riba Ilishuka, Lakini Biz Ilisimama Hapo Hapo

Noti ya mia tano ilibatizwa "Jirongo" mtaani wakati wa siasa za 1992, enzi za Youth for KANU '92, kundi lililoongozwa na Cyrus Jirongo na kumwaga doh kwa vijana kabla ya uchaguzi. Miaka 30 baadaye, tarehe 30 Novemba 2022, Rais William Ruto alizindua Hustler Fund, na mkopo wa chini kabisa ukawa noti hiyo hiyo: Sh500. Tofauti ni kwamba hii unarudisha, na uko na siku 14.

Wasee, hii story hatutaiongelea kama mashabiki wa chama chochote. Kuna kitu serikali ilipatia hapa, na kuna kitu ilikosea vibaya. Ukichanganya hizo mbili utaishia kubishana tu ndani ya mat, na hutajua nini cha kudai 2027 wakija kuomba kura.

Penye walipatia

Kabla ya hapo, msee akikwama alikuwa anakimbilia simu. M-Shwari ilikuja Novemba 2012, na ada yake ya kuanzia ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Fuliza ikafuata Januari 2019, na ghafla ungeweza kulipa fare na pesa huna. Katikati zikajaa app kibao za mikopo, zingine zikipigia hadi mamako simu ukichelewa kulipa. Hao wa app walianza kuhitaji leseni ya Benki Kuu baada ya sheria kubadilishwa 2021.

Sasa piga hesabu. Sh500 kwa asilimia 7.5 ni Sh37.50 kwa mwezi, kabla ya ushuru. Hustler Fund ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka mzima. Kwa siku 14, riba ya Sh500 ni kama shilingi moja na senti hamsini. Hiyo ni pesa hata ya peremende haitoshi. Na hakuna mtu aliyekuuliza title deed, payslip wala guarantor. Unapiga *254# na mambo yanaisha. Kwa mama mboga ambaye benki ilikuwa haimwangalii hata kwa jicho moja, hiyo si kitu kidogo, na anayesema fund hii haikubadilisha chochote anadanganya.

Penye mambo iliharibika

Shida ni kwamba riba ni kitu kimoja tu kwa mkopo. Kuna vitu vingine viwili: pesa ni ngapi, na unakaa nayo muda gani.

Dari ya mkopo wa mtu binafsi iliwekwa Sh50,000, lakini wengi walianzia soo tano au thao. Na hiyo soo tano haifiki yote. Asilimia 5 inaenda akiba, kwa hivyo mkononi unabaki na Sh475. Tuseme wewe ni msee wa smokie. Hiyo inakutosha stock ya siku, pengine mbili, na ukiuza vizuri unarudisha hata kabla ya wiki kuisha. Biz ya kuzungusha pesa kila siku inaweza kuishi na mkopo kama huo.

Lakini dada anayetaka kufungua bale Gikomba? Bale ni maelfu. Akifungua, camera zinaondoka siku ya kwanza, zile zingine zinakaa. Mvua ikinyesha wiki nzima, siku 14 zimeisha na nusu ya nguo bado iko kwa gunia. Kinyozi anayetaka mashine yake mwenyewe aache kukodisha kiti, fundi wa simu anayetaka vifaa, msee wa kuku anayengoja vifaranga wakue, hawa wote pesa yao inarudi polepole. Ukiwapa Sh475 ya wiki mbili hawatanunua mashine. Watanunua unga, watalipa stima, watapanda mat. Hatuwalaumu, hata wewe ungefanya hivyo. Lakini hiyo si mtaji, hiyo ni Fuliza ya bei nafuu.

Hapa ndipo hesabu ya serikali inachanganya watu. Viongozi wanapenda kutaja mabilioni ambayo yamekopeshwa tangu fund ianze. Sasa angalia: ukichukua Sh500, ukalipa baada ya siku 14, ukachukua tena, mwaka mzima utakuwa umekopa mara 26. Kwa vitabu vyao wewe umekopeshwa Sh13,000. Kwa mfuko wako hujawahi kushika zaidi ya soo tano kwa wakati mmoja. Namba inapanda, biz haipandi, na hakuna aliyedanganya popote. Wamechagua tu kupima kitu chenye ni rahisi kupima.

Na wasiolipa je?

Wapo, tena wengi. Mwaka 2025 Kenya Human Rights Commission ilitoa ripoti ikisema fund imefeli na ifungwe. Serikali ikaipuuza. Lakini tuulize kwa nini mtu yule yule analipa Fuliza na kuachilia Hustler Fund. Fuliza haikuombi: pesa ikiingia M-Pesa, wanajichukulia chao kwanza. Hustler Fund ilitegemea ulipe mwenyewe ndio limit yako ipande. Kama limit ilianzia soo tano, kupoteza nini sasa? Halafu iliuzwa kwa kampeni kama zawadi ya hustlers. Mtaa unajua venye pesa ya kampeni hutumika, jina la "Jirongo" halikutoka hewani. Tushaona Youth Fund ya 2006 na Uwezo Fund ya 2013. Kila serikali inakuja na mfuko wake na jina lake.

Linganisha na M-Pesa. Wakati wa majaribio, kuanzia 2005, hiyo kitu ilitengenezwa ili wateja wa Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa nayo. Vodafone na Safaricom waliona hivyo, wakabadilisha mpango, na Machi 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Walitazama watu wanafanya nini, kisha wakafuata. Hustler Fund ilianza na ahadi ya jukwaani, ndio ikatafuta watu wa kuingia ndani yake.

Cha kudai

Kufunga fund kabisa ni kurudisha mama mboga kwa app. Cha maana ni tuombe vitu vitatu. Moja, muda wa kulipa ufuate biz: smokie wiki mbili sawa, bale miezi miwili, kuku miezi minne. Mbili, anayelipa vizuri apande haraka mpaka ashike pesa ya kununua kifaa. Serikali ilishaanza kuongelea mkopo wa daraja kwa wakopaji wazuri, kwa hivyo wanajua tatizo liko wapi. Tatu, watuambie namba tofauti: wangapi walianza na soo tano na leo wako na kibanda, mashine au mfanyakazi mmoja.

Chama za akina mama zimekuwa zikifanya hivi miaka yote bila intaneti. Wanakaa, wanaulizana pesa ni ya nini, wanajua kuku wa nani wamekufa na nani anatoroka tu, ndio wanapanga mtu alipe lini. Akikwama kweli, anaongezewa mwezi. Hilo swali la "pesa ni ya nini" ndilo *254# haikukuuliza, na ndilo wewe unafaa kujiuliza kabla ya kubonyeza. Kama jibu ni unga, chukua ukijua ni unga. Usiiite mtaji.