Tuliielewa vibaya ile filamu ya Zuckerberg

Kila mara kijana wa Nairobi akitangaza kwamba ameacha chuo aunde programu yake, kuna mtu lazima atamtaja Zuckerberg. Mimi nilimtaja mwenyewe. Nilitoka chuo mwaka wa pili, nikajifungia bedsita na laptopu, na filamu ya The Social Network nikawa naitazama kama maandiko matakatifu.

Wiki jana niliirudia. Jamani, tuliielewa vibaya.

Filamu hiyo ya 2010, iliyoongozwa na David Fincher, haianzi na kompyuta. Inaanza baa. Mark ameketi na mpenzi wake Erica, anaongea mbio mbio kuhusu vilabu vya wakubwa pale Harvard, kama watamkubali au la. Kumsikiliza msichana hawezi. Anaachwa papo hapo. Anarudi bwenini, anafungua bia, anamtukana mtandaoni, kisha anaunda tovuti ya kulinganisha sura za wasichana wa chuo. Upweke ulitangulia, pesa zikafuata. Sisi tulidhani ni kinyume, kwamba ukijitenga na watu vya kutosha utatajirika.

(Erica ni wa kutungwa, kwa hivyo simhukumu Zuckerberg halisi. Yeye alikutana na mkewe, Priscilla Chan, akiwa bado Harvard.)

Halafu kuna Eduardo. Huyu ndiye rafiki aliyetoa dola 1,000 za kwanza. Usiku ule ofisi inasherehekea mwanachama wa milioni moja, anagundua hisa zake zimekatwa hadi zikabaki asilimia 0.03. Anaivunja laptopu ya Mark mezani. Zamani hapo nilikuwa nasema Eduardo ni mzembe, hakuwa na maono. Safari hii nilisimamisha filamu nikaenda kupika chai.

Kwa sababu hata mimi nilikuwa na beste wangu. Alinilipia kodi ya nyumba miezi miwili, bando alikuwa ananunua yeye. Akipiga simu naiacha ilie, eti niko kazini, nisikatizwe. Programu yenyewe ilipakuliwa na watu 41, nusu yao binamu zangu. Yeye akaoa. Harusi niliiona kwa status ya mtu mwingine.

Na bado mtaani tunajisifu vile vile: nalala saa tatu, sina marafiki, najenga. Mark angekwama alikuwa na Harvard ya kurudia. Wewe ukikwama hapa Roysambu, utakayemrudia ni yule uliyekataa kushika simu yake.

Mwishoni Mark anabaki peke yake chumbani, ametuma ombi la urafiki kwa Erica, anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena.

Juzi nilimpigia beste wangu. Alishika. Kitu cha kwanza aliniuliza kama nataka pesa.