Je, Manowarini Kuna Meja?



Jambo nitakaloeleza leo laweza kuonekana kuwa ni la watu wa bahari kuu tu, wala halituhusu sisi tunaolima mpunga na maembe kandokando ya mto Tana. Lakini si siku nyingi zilizopita jambo hili lilimleta mzee mmoja ofisini kwetu, uso umemshuka, nami naona yafaa tulitazame pamoja.

Mzee huyo ana kijana aliye afisa katika Jeshi la Wanamaji la Kenya. Kijana alimpelekea baba yake picha, naye amevaa sare, na chini ya picha yameandikwa jina lake na cheo chake: Meja. Mzee akaichukua picha ile alipokwenda kwa wakwe kupeleka posa ya mwanawe. Barazani palikuwapo jirani mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika meli za mizigo. Jirani akaitazama picha, akasema bila nia mbaya: "Ndugu yangu, mimi nimezunguka bahari. Melini yuko nahodha na maofisa wake, wako mainjinia, yuko serangi. Meja sijapata kumwona. Meja ni cheo cha nchi kavu."

Watu wakatazamana. Wazee wa binti wakasema kwamba maneno yangoje kwanza. Mzee akarudi nyumbani akijiuliza moyoni kama mwanawe wa kumzaa amemdanganya.

Nilimwambia, "Keti, mzee wangu. Mwanao hakusema uongo, wala jirani yako hakusema uongo."

Maelezo niliyompa mzee ni haya. Majina aliyoyajua jirani ni ya kazi katika meli za biashara. Manowari ni chombo cha vita, na maofisa wake wana vyeo vya kijeshi ambavyo mtu hubaki navyo hata akiwa ofisini. Basi katika nchi nyingi, vyeo vya jeshi la majini vina majina yake mbali na vyeo vya jeshi la nchi kavu. Lakini Kenya haifanyi hivyo. Jeshi letu la Wanamaji lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya Uhuru, na maofisa wake hutumia majina yale yale ya jeshi la nchi kavu: luteni, kapteni, meja, kanali, brigedia, hata kufika jenerali. Kwa hiyo manowarini kwetu meja yupo, na ni afisa mwenye heshima yake. Angekuwa katika manowari ya Waingereza, angeitwa Luteni Kamanda.

Wala sisi si peke yetu. Uchina hutumia majina yale yale ya vyeo kwa majeshi yake ya nchi kavu, ya majini na ya angani. Israeli nayo hufanya vivyo hivyo.

Sasa natupande juu, maana huko ndiko watu wengi hupotea. Kamanda wa Jeshi la Wanamaji la Kenya huwa ni Meja Jenerali. Uingereza au India, afisa wa ngazi hiyo huitwa Admirali wa Nyuma. Brigedia wetu ni sawa na Komodoro wao. Luteni Jenerali ni sawa na Makamu wa Admirali, na Jenerali ni sawa na Admirali kamili. Jenerali Joseph Kibwana, aliyeliongoza Jeshi letu la Wanamaji, alikuwa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya tangu mwaka 2000 hadi 2005. Jenerali Samson Mwathethe, naye mwanamaji, alishika kazi hiyo tangu 2015 hadi 2020. Wangalikuwa katika nchi nilizozitaja, wote wawili wangaliitwa Admirali.

Neno "admirali" lisitutishe. Asili yake ni neno la Kiarabu "amiri", lile lile tunalolisema tunapotaja Amiri Jeshi Mkuu. Na huyu wa "nyuma" hakuitwa hivyo kwa dharau. Zamani manowari zilipokwenda vitani kwa makundi matatu, admirali alikaa katikati, makamu wake akatangulia mbele, na wa tatu akalinda nyuma.

Kila nchi ina mwendo wake. Wamarekani kwa muda mrefu hawakutaka kabisa kuwa na admirali, kwa kuwa jina hilo lilinukia ufalme; ndipo mwaka 1862, wakiwa katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe, wakampa David Farragut cheo cha Admirali wa Nyuma, na mwaka 1866 akawa Admirali kamili wao wa kwanza. Hata leo afisa wao aliye sawa na brigedia haitwi Komodoro, bali huitwa Admirali wa Nyuma wa daraja la chini, naye huvaa nyota moja. Wafaransa wana jambo lao jingine: admirali wao wa ngazi ya kwanza huvaa nyota mbili, lakini ni sawa na Komodoro wa Waingereza, si zaidi. Anayehesabu nyota bila kuuliza nchi atampandisha Mfaransa ngazi asiyokuwa nayo.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni neno "kapteni". Juu ya kapteni wa nchi kavu wako meja, luteni kanali na kanali. Kapteni wa majini wa Uingereza, India au Marekani ni sawa na kanali, yaani amempita mwenzake ngazi tatu nzima. Mimi mwenyewe, nilipokuwa karani kijana, niliandika orodha ya viti vya wageni, nikamweka kapteni mmoja wa manowari ya nchi ya ng'ambo nyuma ya maofisa wadogo. Yeye alikaa kimya kwa adabu, lakini mkubwa wangu aliniita baadaye, na maneno aliyoniambia sijayasahau.

Pwani yetu imeyaona mambo haya tangu zamani. Lloyd Mathews alikuwa luteni tu katika jeshi la majini la Uingereza, Sultani Barghash wa Unguja alipompa mwaka 1877 kazi ya kufunza jeshi lake jipya. Huko akawa Brigedia Jenerali. Mtu mmoja, vyeo viwili, kila kimoja cha haki mahali pake. Na hapa karibu nasi, mwezi Oktoba mwaka 1890, Makamu wa Admirali Edmund Fremantle aliteremsha watu wake Kipini, mto wetu unapoingia baharini, akawaongoza kwa miguu hadi Witu, mji wa Sultani Fumo Bakari, nao ukachomwa moto. Mji uliteketea mbali na maji ya bahari, na aliyeamuru alikuwa mtu wa manowari. Basi jina la cheo halituambii mtu amesimama wapi, majini au nchi kavu. Latuambia ana amri kiasi gani, na nani aliyempa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia cheo cha afisa, uliza mambo mawili kabla ya kusema neno: ni jeshi gani, na ni la nchi gani? Ukiandika barua, andika cheo kama mwenyewe anavyokiandika, usikitafsiri kwa kukisia.

Mzee wangu nilimwandikia ngazi zote katika karatasi moja, upande huu Kenya, upande huu Uingereza. Akaikunja, akaitia mfukoni. Siku ya pili jirani yake mwenyewe alikuja kuiona. Akaisoma pole pole mara mbili, kisha akasema, "Bwana Karani, bahari niliyoizunguka ilikuwa ya wafanyabiashara." Jioni ile ile wakaenda pamoja kwa wazee wa binti, na jirani ndiye aliyetangulia kusema.

Kuuliza si ujinga, wasomaji wangu, na kurudi kusahihisha neno lako mbele ya watu wale wale ni uungwana. Posa imepokewa.